Mwalimu wa Kwaya na Ufa Uitwao Chapati

Nyumbani kwa Mwalimu wa Kwaya, pale Frogtown, mtaa wa mji wa Saint Paul, Minnesota, hukupewa chai kabla ya kujibu swali. "Bon," angesema kwa Kiswahili chake cha Kongo, chenye Kifaransa ndani na "njo" badala ya "ndiyo", mikono kiunoni, "wewe ulitujulia wapi?"

Hiyo "sisi" yake haikuwa kanisa wala kwaya, wala Wakongo wa Saint Paul. Ilikuwa jamii ya watu wa mbio za gemu, waliotapakaa dunia nzima na wanaokutana mtandaoni. Ngoja nieleze taratibu, kwa sababu najua wengi mtaona ni jambo geni. Watu hawa huchukua gemu moja, mara nyingi ya zamani, na kushindana nani ataimaliza upesi zaidi. Unajirekodi tangu mwanzo hadi mwisho, unapeleka video, wahakiki wanaojitolea wanaiangalia, kisha muda wako unawekwa kwenye orodha ambayo yeyote anaweza kuisoma. Hakuna mshahara. Ukisikia hayo mara ya kwanza utasema watu wazima hawa hawana kazi za kufanya. Usijali, sote tulianza kwa kusema hivyo.

Mwalimu alipenda majibu ya swali lake kuliko wengine wanavyopenda picha za harusi. Otieno, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Kisumu, alisimulishwa jibu lake kila alipokuja mgeni mpya. Alikuwa ameshindwa kulipiga jitu la mwisho katika gemu fulani, akaingia mtandaoni kutafuta msaada, akakuta video ya mtu ambaye hakupigana na jitu hata kidogo. Alilipita kwa nyuma, kimya kimya, kama unavyompita mlevi aliyelala njiani. "Nikasema, manze! Kumbe hiyo pia ni njia?" Otieno aliishia hapo, na Mwalimu alicheka kama anasikia kwa mara ya kwanza.

Jibu langu mimi lilimpendeza zaidi kwa sababu yeye mwenyewe yumo ndani. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka Golden Valley ninakofanya kazi ya ofisini, nimekuja kupimwa kitenge cha sare ya kwaya. Nje ya mlango nikasikia sauti za wanawake. "Pandisha! Pandisha, Yesu! Usimwache!" Nikavua viatu vyenye theluji, nikajifunga mtandio, nikaingia nimeinamisha kichwa tayari kwa maombi. Nilipoinua macho nikaona waimbaji wawili wa sauti ya kwanza, pamoja na Otieno na Mwalimu, wote wanaitazama televisheni. Kwenye kioo kulikuwa na mbweha mdogo amevaa fulana nyekundu, kichwa chake kimenasa ndani ya dari.

"Karibu, dada," alisema Otieno. "Tunamwombea mbweha."

"Keti, mwanangu," alisema Mwalimu bila kugeuka. "Donc, huyu anatakiwa kupanda mnara mpaka juu kwenye kengele. Watu wengine wanapanda ngazi zote. Mais hapa iko ufa."

Neno hilo, ufa, lilikuwa lake. Katika gemu za zamani kuna mahali ambapo waliozitengeneza walisahau kitu. Ukuta haukuzibwa vizuri, ukibonyeza kwa wakati fulani unapita kama moshi. Wenzetu wana majina yao kwa makosa hayo, sisi tuliokaa kwenye zulia la Mwalimu tuliyaita nyufa. Kitenge sikupimwa siku ile. Nilirudi nyumbani jioni nikijua nyufa tatu za mnara wa mbweha.

*

Ungemwona barabarani usingeamini kwamba mtu huyu anashindana na saa. Aliendesha gari kama anabeba mayai kwenye paja. Kwenye barabara kuu ya 94 alishika njia ya kulia kabisa, malori yakimpigia honi, naye akiyapungia mkono kama wajumbe waliokuja kumsalimu. "Barabara haitoi rekodi," alisema. Kanisani alifika kwaya ikiwa imeshapanga mistari. Sombe yake, yaani kisamvu, ilianza kuchemka asubuhi na ikaliwa jioni.

"Mwalimu," Otieno alimchokoza siku moja akizunguka sufuria, "wewe ni mtu wa mbio aje, na sombe yako inamaliza siku nzima?"

"Sombe haina ufa, mtoto wangu. Ingelikuwa nao, ningeshauona."

Katika mazoezi ya kwaya hakuna kosa lililomuudhi kama kukimbiza wimbo. Angeinua mkono, sote tunyamaze, kisha apige makofi polepole mbele ya pua ya mtu wa sauti ya tatu hadi mtu huyo aone haya. Nilimuuliza mara moja inawezekanaje mtu mmoja awe na mambo mawili hivyo. Alifikiri sana, maana hakuwa mtu wa kujibu ili tu ajibu.

"Mbio si kukimbia," alisema. "Mbio ni kuacha kile ambacho hakihitajiki. Wimbo wote unahitajika."

Kuna jambo lingine lililopingana ndani yake. Wanafunzi aliwabembeleza. Mwimbaji akipotea katikati ya ubeti, Mwalimu alimfuata huko alikopotelea na kumrudisha kwa kichwa na macho, hadi watu wa kanisani wasijue kulikuwa na kosa. Lakini yeye mwenyewe, mbweha akijikwaa kidogo tu kwenye ngazi ya pili, alizima na kuanza upya. Nilimwona akianza upya mchana kutwa bila kumaliza hata mara moja, halafu akainuka na uso mkunjufu na kusema leo amefanya kazi nzuri.

Wala usidhani alikuwa mnyenyekevu. Alipenda kusifiwa, na hakujificha. Siku alipoingia kwenye kumi bora ya orodha ya mbweha, alipika wali na kuku akaalika nusu ya kwaya, na kabla ya kula alituonyesha orodha kwenye televisheni kubwa, kidole kikiwa juu ya jina lake la mtandaoni. "Hapa juu yangu iko Mjapani," alisema. "Hapa chini yangu, Mjerumani. Na katikati, nani?" Tukajibu kwa sauti nne, kama alivyotufundisha.

Si wote waliofurahi. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwonya. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu wa kwaya anafundisha vijana kupita kuta, kudanganya mchezo, na hilo kwake lilikaribiana na wizi. Nilikuwepo. Mwalimu alimkaribisha kwenye sofa, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mzee, wizi unajificha," alisema. "Sisi tunaweka video wazi, mikono inaonekana. Nikipata ufa leo, kesho kila mtu anaujua, na mimi mwenyewe njo ninawafundisha. Na kuna orodha nyingine ya wale hawataki nyufa, wanapanda ngazi zote. Na huko pia niko. Bon, keti, uone."

Mzee aliketi. Mbweha aliingia kwenye dari akanasa, akaanguka. "Jaribu tena," mzee alisema. Akaanguka tena. Mzee alivua koti. Aliondoka wakati wa chakula cha jioni, na mlangoni aliuliza kwa sauti ya chini kama Jumamosi ijayo tungekuwepo.

Aliyetaka kujifunza hakuanzia kwenye nyufa. Mwalimu alimlazimisha kwanza aucheze mnara wote polepole, chumba kwa chumba, kama mtu anayehamia. "Usipite ukuta kama hujaugonga," alikuwa akisema. Nilimwona dada mmoja wa sauti ya pili akilia kwa hasira kwenye ngazi ya nne, Mwalimu akamletea mandazi na kumwambia kila mtu aliye kwenye orodha amewahi kulia kwenye ngazi hiyo, hata Mjapani. Sijui alijuaje habari za Mjapani. Dada alifuta machozi akamaliza.

*

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa orodha ya mbweha wanamkumbukia hadi leo.

Kabla ya kuletwa Minnesota, Mwalimu alikaa Nairobi kwa miaka mingi, mtaa wa Kayole, na huko aliishi kwa mapato ya banda la gemu. Chumba cha mabati, televisheni tatu, mashine za gemu, benchi. Watoto na vijana walilipia muda wa kucheza, na muda ukiisha, umeisha. Kwa hiyo kila mmoja alitafuta jinsi ya kufika mbali kabla hajaambiwa ainuke. Wakavumbua njia, wakaibiana njia, wakafundishana. Hawakujua kama kuna watu wengine duniani wanaofanya hivyo.

Ndiyo maana hadithi yake ya kutujua ilikuwa tofauti na zetu. Majira yake ya baridi ya kwanza hapa, theluji ilizuia watu kutoka, na ghala alilofanyia kazi kule Eagan likafungwa. Akakaa dirishani akitamani wimbo wa mnara wa mbweha, ule uliolia bandani tangu asubuhi hadi jioni. Akautafuta mtandaoni. Badala ya wimbo mtupu akapata video ya Mfini anapanda mnara, saa ikihesabu pembeni, na watu wengi wakimshangilia kwa maandishi. "Nikajiuliza," alituambia, "huyu mzungu, anatoka banda la nani?"

Sasa, ukuta mmoja na banda lile kulikuwa na mama aliyeuza chapati. Tutamwita Mama Chapati, kama Kayole yote ilivyomwita. Unga wake ukipumzika, naye alikuja kupumzika bandani, na kukiwa na televisheni iliyo wazi Mwalimu alimpa pedi, kile kifaa cha vitufe cha kushika mkononi, acheze bure. Vidole vyake vilikuwa na mafuta. Siku moja, kwenye ngazi ya saba, kidole gumba kiliteleza kikabonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo wakati ule ule mbweha anaruka. Mbweha akazama kwenye dari akatokea chumba cha juu, akiwa ameacha nyuma sehemu ndefu na ngumu kuliko zote. Banda zima lilipiga kelele. Mama Chapati alidhani ameharibu mashine, akaitupa pedi na kukimbilia kwenye karai lake.

Kuanzia siku hiyo, kupita pale kuliitwa kupiga chapati. Vijana waliamini bila mafuta haiwezekani, hivyo walinunua kwanza chapati kwa jirani ndipo wakaja kucheza.

Katika orodha yetu, na watu wote wale wa nchi zote, hakuna aliyeujua ufa huo. Mwalimu alipogundua hivyo alifurahi mno, akawaandikia, mimi nikimsaidia kueleza. Watu walisisimka. Siku chache zikapita, kila mmoja akijaribu, na kila mmoja akiandika kwamba mbweha anagonga dari na kuanguka. Mwalimu naye alikuwa anachezea mashine aliyoinunua University Avenue, kwenye duka la Mhmong mmoja, mtu wa asili ya Laos, anayeuza vifaa vya elektroniki vilivyotumika. Akajaribu. Akaanguka. Akajaribu kwa kidole gumba chenye mafuta, akaanguka.

Tulikuwa na mkutano wa wachezaji wa Saint Paul na mji pacha wake katika ukumbi wa maktaba, na alikuwa ameahidi kuuonyesha ufa huo. Alikwenda. Desturi yetu ni kwamba anayecheza anakaa mbele, na rafiki anakaa kwenye sofa nyuma yake akiwaeleza watazamaji kinachotokea. Nilikuwa mimi. Nilieleza vizuri sana jambo ambalo halikutokea. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Hakuna aliyemzomea, na labda ingekuwa afadhali wangemzomea. Kijana mmoja alisema kwa heshima kwamba kumbukumbu huchanganya mambo, huenda ilikuwa gemu nyingine. Mwalimu alichomoa waya akaukunja polepole, mzunguko juu ya mzunguko.

Garini, tulipokuwa tunapita jengo la bunge la jimbo, nilijaribu kumtuliza.

"Mwalimu, hawajasema wewe ni mwongo," nilimwambia.

"Mimi waniite mwongo, si kitu. Niko hapa, nitajibu." Aliangalia nje. "Mais wanasema jambo lile halikuwepo. Donc yule mama hakuwepo. Banda halikuwepo. Batu bote wale, walikuwa wanapiga kelele kwa nini?"

Mhakiki mkuu, ambaye ndiye yule Mfini, alituandikia kwa upole: hatukatai, tunaomba tuone. Niliupenda ujumbe ule. Katika jamii hii neno lako halitupwi, lakini pia halipokelewi peke yake. Mwalimu aliusoma akasema, "Ana haki," kisha akaizima simu.

Aliyetatua jambo hili ni Mwalimu mwenyewe, na alilitatua kwa masikio. Tangu aanze kucheza Marekani alikuwa akilalamika kwamba mashine ya hapa "inaimba haraka." Tulimcheka. Otieno alimwambia ni theluji imemchelewesha yeye. Basi jioni moja mazoezini, anatupigia makofi ya wimbo mpya, ghafla akasimama. Akapiga makofi tena, lakini si ya wimbo wetu. Ulikuwa ule wa mnara wa mbweha, polepole. Halafu akaupiga tena, upesi.

"Hii, Kayole," alisema. "Hii, hapa. Njo vile! Si masikio yangu. Ni mashine mbili."

Aliacha mazoezi mikononi mwa mtu wa sauti ya nne, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akampigia simu yule mwenye duka. Kesho yake tulikuwa wote dukani kwake, naye alitueleza kwa kuchora kwenye boksi la kadibodi. Zamani, mashine za gemu zilizouzwa Ulaya na Afrika zilitengenezwa zifuate televisheni za huko, ambazo picha zake zilibadilika kwa mwendo wa chini kuliko za Marekani. Gemu nyingi hazikurekebishwa. Kwa hiyo mchezo ule ule ulitembea polepole huko, na wimbo wake pia. Na kama mwendo si mmoja, basi hata upenyo ambamo kidole kinaweza kuteleza si mmoja.

"Kwa hiyo ufa huo upo," alisema mwenye duka, "lakini haupo kwenye mashine yoyote niliyowahi kuuza."

Mwalimu alimkumbatia hadi kofia ikamdondoka. Wachezaji wa Ulaya, kumbe, wengi wao walishaacha mashine zao za kwao na kununua za Kimarekani, kwa sababu zinakwenda upesi na wao wanataka upesi. Kila mtu alikuwa amelikimbia jambo lenyewe.

Mama yake Otieno alikuwa anakuja kwenye mahafali ya mwanawe. Aliombwa alete mashine ya gemu kuukuu kutoka Nairobi. Alifika uwanja wa ndege nayo imefungwa ndani ya leso mbili, akamkabidhi mwanawe kama mtu anayerudisha mzigo uliopotea njia. "Wengine wanaagiza omena," alisema, yaani dagaa wa kwao. "Wewe mama yako avuke bahari na takataka." Mwenye duka alitoa televisheni iliyokubali picha za aina zote mbili, na kifaa cha kubadilisha umeme, maana mashine ya Nairobi ukiichomeka hapa moja kwa moja haiwaki.

Tulirekodi nyumbani Frogtown, kamera moja kwenye kioo, nyingine kwenye mikono. Wimbo ulipoanza, Mwalimu alifumba macho. "Sikilizeni," alisema. "Huyo njo mwenyewe." Kabla ya ngazi ya saba alisimamisha mchezo akamwambia Otieno amletee mafuta ya kupikia.

"Mwalimu, si mafuta. Ni mwendo. Tumeshaelezwa."

"Nimeelewa. Lete mafuta."

Alipaka tone moja kwenye kidole gumba. Mbweha akaruka, kidole kikateleza, mbweha akazama kwenye dari kama sukari kwenye chai, akatokea juu. Jirani wa chini aligonga dari yake kwa ufagio kwa sababu ya kelele zetu.

Mhakiki aliangalia video ile akaandika maneno machache tu: nimeona, naomba radhi kwa niaba ya kila mtu, na tafadhali nielezeni mafuta ni ya nini. Nilimjibu kwa aya nne. Kufikia mwisho wa wiki watu wa Poland na Hispania walikuwa wamezitoa mashine zao za utotoni kwenye mabohari, na wanapiga chapati. Ikafunguliwa orodha mpya kwa ajili ya mashine za mwendo ule, na mtu wa kwanza kuandikwa juu yake alikuwa Mwalimu wetu. Nakiri sikulala vizuri kwa furaha.

*

Kilichobaki kilikuwa jina, na hapo ndipo Mwalimu alipokuwa mgumu kuliko dari yoyote.

Desturi ya watu hawa ni kwamba kila ufa una ukurasa wake, na ukurasa unataja aliyeuvumbua. Ndiyo heshima pekee tunayogawana. Wahakiki walimwandika Mwalimu. Akawaambia wafute. "Mimi nilikuwa mwenye banda. Aliyepita ukuta ni Mama Chapati." Wakauliza huyo anaitwa nani hasa, maana jina la biashara la mtaa mzima halimtambulishi mtu mmoja, na wauza chapati Kayole si haba. Mwalimu hakujua. Wakakubali kusubiri, lakini walisema wazi kwamba ukurasa hauwezi kukaa bila jina milele, na mwishowe lingerudishwa lake. Alisumbua makanisa, alisumbua vinyozi, alisumbua kila Mkongo aliyewahi kupanga Kayole. Banda lilishavunjwa, barabara ilikuwa imepita pale. Kila ibada ilipoisha ningemwona amesimama kwenye maegesho, simu sikioni, akieleza upya kwa mtu mwingine habari za ukuta wa mabati na karai.

Baadaye alihamia Eagan kwa binti yake, akaacha kwaya kwa mwanafunzi wake, na nikawa namwona kwa nadra. Majira haya ya baridi yaliyopita alinipigia simu Jumamosi asubuhi. "Njoo na kompyuta," alisema. "Amepatikana."

Nilimkuta mezani na gauni lake la ibada, ameegemeza simu kwenye kopo la sukari. Kwenye simu kulikuwa na uso wa mama mnene, mwenye miwani, mvuke ukipita mbele yake. Nairobi ilikuwa jioni, na nyuma ya bega lake watu walikuwa wanasubiri chapati.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye karani? Huyu rafiki yangu ananieleza vitu sielewi. Ati nimevunja nini?"

Nilimweleza. Mnajua ninavyopenda kueleza. Nilianzia kwa banda, nikaja kwa dari, mwendo wa mashine mbili, Mfini, Wapolandi. Alisikiliza huku akigeuza chapati.

"Kwa hivyo nilikosea kubonyeza," alisema hatimaye, "na watu wa Ulaya wanajifunza kukosea kama mimi."

"Njo vile," alisema Mwalimu.

"Na mnawalipa?"

"Hapana."

"Haya basi, kila mtu na wazimu wake." Akageukia nyuma. "Ngoja, wewe, ndengu bado!" Akarudi. "Niambie kitu. Huko juu kabisa kwa huo mnara kulikuwa na nini? Mimi kila nikikaribia, mteja ananiita."

Mwalimu aliigeuza simu iitazame televisheni, akawasha mashine ya Nairobi, akachukua pedi. Nilinyoosha mkono kuiwasha saa, kwa mazoea tu, akanizuia. Alipanda kila ngazi. Aliingia kila chumba, hata vile ambavyo hakuna mchezaji wa mbio anayevijua tena, na Mama Chapati aliamuru kutoka Kayole kama abiria anayemwelekeza dereva. "Kushoto! Si huko! Huyo mdudu mruke!" Walipofika ngazi ya saba, mbweha akaruka. Kidole kikateleza. "Hapo!" alipiga kelele Mama Chapati. "Hapo ndipo nilidhani nimeichoma!"

Juu kulikuwa na kengele tu. Mbweha akaipiga. Kisha majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda kwenye kioo, moja baada ya jingine, kwa wimbo ule wa polepole.

"Hao ni akina nani?"

"Waliojenga mnara," alisema Mwalimu.

"Na mimi nitaandikwa wapi?"

Mwalimu alinitazama. Nikaufungua ukurasa wa chapati kwenye kompyuta, nikaweka mshale mahali pa jina palipokuwa pakisubiri. Mama Chapati akaweka chini upawa, akafuta mikono kwenye leso, akavua miwani, akataja majina yake matatu, yote, taratibu, kama anayasema mbele ya hakimu. Mwalimu aliyekuwa naye ukuta kwa ukuta miaka ile yote alikuwa hajawahi kuyasikia. Aliyarudia kwa midomo bila sauti.

Niliyaandika. Nikathibitisha kila herufi naye.

"Sasa soma," alisema Mama Chapati.

Nikasoma.

"Soma tena kwa nguvu," alisema, akiigeuza simu kuelekea kwa watu waliosubiri. "Huyu mteja hajasikia."